Sauti ya Mama Ilifutwa Asubuhi ya Sikukuu

"Royce mpenzi, nimekumiss hadi naumwa. Huyo mkeo akienda tena kwa mama yake, ruka uje..."

Sauti hiyo haikutoka kwenye simu.

Ilitoka kwa mama yangu mzazi!

Ngojeni niwaweke sawa, maana hata mimi siku ile nilidhani nimerukwa na akili.

Tulikuwa mezani kwa mama, mji wa Two Harbors kando ya ziwa, Sikukuu ya Shukrani, mchana kweupe. Bata mzinga katikati, wali wa mchele mwitu, viazi vya kuponda, na ule mkate wa iliki ambao mama alikuwa anauoka kila mwaka. Safari hii niliuoka mimi, ukaungua chini.

Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Ugonjwa wa neva ulishamla miguu, ukamla mikono, mwisho ukamla ulimi. Mbele yake tulimfungia kishikwambi kinachofuata macho. Akikitazama kitufe, kinaongea.

Na kilitakiwa kiongee kwa sauti YAKE.

Msimu wote wa baridi uliopita, wakati ulimi bado unamtii, mama alikaa kwenye chumba cha chini ya nyumba, mbele ya kompyuta yake kuukuu, akajirekodi. "Asante." "Nina kiu." "Waino, acha ubishi." "Rikka, nakupenda." Maneno mengi mno. Alirekodi hadi anakohoa, mimi namfuta jasho.

Rikka ndiyo mimi.

Basi siku ile ilikuwa mara ya kwanza mama aongee mbele ya ndugu. Kitufe cha kwanza kilikuwa sala ya chakula. Watu wote tukainamisha vichwa.

Mama akatazama kitufe...

"Royce mpenzi, nimekumiss hadi naumwa. Huyo mkeo akienda tena kwa mama yake, ruka uje. Na huyo bibi naye... si afe tu tupumzike?"

Jamani!

Royce ni mume wangu. Alikuwa pembeni yangu, kisu cha kukatia nyama mkononi.

Na ile sauti niliijua kabla haijamaliza sentensi. Ilikuwa ya Sunniva. Shoga yangu tangu shule! Yule yule aliyekuwa amekaa mbele yangu, kashika bakuli la viazi!

Mjomba Waino, sikio lake bovu, akamuulizia mama, "Elvi kasemaje?"



Mama wa watu akadhani katazama vibaya. Akatazama kitufe cha pili, kile cha kuwashukuru wageni.

"Hahaha! Eti leo kajirekodi tena. Mimi ndiyo nasafisha yale makelele yake, masikio yananiuma, halafu natakiwa niseme 'pole mama'. Pole ya nini?"

Macho ya mama yakajaa machozi. Na hapa ndipo kilipokuja kitu ambacho hadi leo nakiota. Kile kishikwambi kinasoma macho. Macho yakilowa, kinachanganyikiwa. Kikaanza kubonyeza vitufe ovyo! Sauti ya Sunniva juu ya sauti ya Sunniva, mara anacheka, mara analia mahaba, mara anamtukana mama, na mama hawezi hata kugeuza shingo.

Nilikipiga kishikwambi kikaanguka kwenye bakuli la mchuzi.

"Rikka, nisikilize..." Royce akaanza.

"Nyamaza!"

"Siyo unavyofikiria."

"Royce, nimekwambia nyamaza kabla sijakichukua hicho kisu!"

Sunniva akaweka bakuli mezani taratibu, akachukua koti lake, akatoka. Hakukimbia hata. Alifunga mlango vizuri kabisa, kama mtu anayetoka kanisani.

Mimi nikashuka chini kwenye ile kompyuta.

Sasa sikieni. Mimi na Royce wote kazi yetu ni kutunza seva, yaani kompyuta zinazohifadhi mafaili ya watu. Kwetu huwezi kuficha kitu kwenye laptop, kila mmoja ana funguo za mashine za mwenzake. Lakini mashine ya mama nilimwachia Royce. Mimi nilikuwa namwogesha mama, namlisha, nampeleka hospitali. Nikamwambia mume wangu, wewe angalia sauti za mama zisipotee, mengine niachie mimi.

Akaniambia, "Usijali, nimeziweka sehemu tatu."

Kumbe kwenye mashine hiyo hiyo ya mama ndipo alipokuwa anaficha meseji za sauti za hawara wake! Alijua sitachungulia. Na kuzifuta hakuweza, mwanaume yule anapenda kusifiwa kuliko chakula.

Laptop ya Royce ilikuwa pale pale juu ya meza ya chumba kile. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri.

Nikabonyeza mshale wa juu.

Kwa wasioijua kazi yetu, hakuna anayeandika amri upya. Unabonyeza mshale wa juu, ile amri ya jana inarudi, unabadilisha maneno mawili, unagonga Enter. Sote tunafanya hivyo. Ni uvivu wetu wa kila siku.

Na amri yenyewe inaitwa rsync. Inahamisha faili kutoka kompyuta moja hadi nyingine hata kama iko mji wa mbali. Unataja kwanza zinakotoka, halafu zinakokwenda. Ukiongeza neno la kufuta mkiani, basi kule zinakokwenda panafanywa sawasawa na zinakotoka. Kisichokuwepo huku, kule kinafutwa. Na haikuulizi kama una uhakika.

Nikaisoma ile amri ya asubuhi ile. Nikaisoma tena.

Zinakotoka: folda ya Sunniva.

Zinakokwenda: folda ya mama.

Na neno la kufuta liko pale mkiani.

Yaani Royce asubuhi, huku anafunga tai, alitaka kuongeza meseji mpya kwenye maficho yake. Akabonyeza mshale wa juu, akaichukua amri ya kuhifadhia sauti za mama, akabadilisha zinakotoka, akasahau kubadilisha zinakokwenda. Akagonga Enter, akaenda kupiga mswaki.

Sauti ya mama yangu ilifutwa muda wa mtu kupiga mswaki!

Na kile kishikwambi, kinachovuta sauti kutoka folda hiyo, hakijali jina la faili. Kitufe cha kwanza kinachukua faili ya kwanza, cha pili ya pili. Kilichukua kilizozikuta.

Nikasikia hatua kwenye ngazi.

"Rikka, sikukusudia kufuta," Royce akasema.

"Ulikusudia nini?"

"Kuficha tu."

"Kuficha TU?"

"Tulia basi. Nakala ziko sehemu tatu, si nilikwambia?"

Moyo ukatulia kidogo. Nikaingia kwenye kompyuta ya nyumbani kwetu Duluth. Nikafungua folda.

Sunniva.

Nikaingia kwenye ile seva ya kukodi.

Sunniva.

"Royce... hizi nakala umeziwekaje?"

Akawa mweupe kama karatasi.

"Zinafuatana," akasema. "Kila saa, hii inaiga ya mama, na ile inaiga hii."

"Pamoja na kufuta?"

Akakaa kwenye ngazi, akashika kichwa.

Hizo hazikuwa nakala tatu, ndugu zangu. Ilikuwa nakala moja na vioo viwili. Mtu akifa mbele ya kioo, na kwenye kioo kafa.

Nilijaribu kufukua diski zote, nikakuta faili mpya zimeshakaa juu ya zile za zamani. Na mtaniuliza, video za simu je? Mama alikuwa yule mtu wa kushika kamera. Kwenye video zote yeye yuko nyuma, unasikia kicheko tu, na kwenye za mwisho ulimi wake ulishaanza kulegea.

Royce nilimtoa siku hiyo hiyo na mfuko mmoja wa nguo. Akaenda kwa kaka yake.

Ikabaki sehemu moja tu duniani.

Sunniva.

Yeye ni fundi wa sauti. Ndiye aliyezisafisha rekodi za mama, na ili azisafishe alizivuta kwenye mashine yake mwenyewe. Kwa hiyo nikameza kila kitu, hasira, kinyaa, nikaenda kugonga mlango wake huku theluji inanimwagikia.

Akafungua na kikombe cha kahawa.

"Nilijua utakuja."

"Unazo?"

"Ninazo."

Nikaanza kulia palepale mlangoni. Nililia mbele ya mwanamke yule!

"Nipe, Sunniva. Mwanaume mchukue, sina shida naye. Nipe sauti ya mama."

Akanywa kahawa kwanza.

"Kanisani wananitazama vibaya. Mjomba wako alipoelezwa, kaeneza kila mahali. Nataka uandike kwenye kundi la familia na la kanisa kwamba ile haikuwa sauti yangu."

"Niseme ilikuwa ya nani?"

"Ya mashine. Sema mashine siku hizi zinaiga sauti ya mtu yeyote. Sema kuna mtu alitaka kunichafua."

"Sunniva, ulisema mama yangu afe!"

"Shauri yako. Sauti unaitaka, huitaki?"

Nikaandika. Palepale, vidole vimeganda, nikaandika kwamba dada yetu Sunniva hana kosa, ni mashine iliiga sauti yake, atusamehe kwa usumbufu. Watu wakaweka alama za mikono ya kuomba. Mchungaji akaandika, "Mungu akubariki kwa kusema ukweli."

Sunniva akanitumia anwani ya mashine yake na ufunguo wa siri.

Nikarudi mbio kwa mama. Nikakaa pembeni ya kitanda chake aone mwenyewe. Nikaandika amri, safari hii herufi moja moja, sikugusa mshale. Enter.

Majina yakaanza kushuka kwenye skrini. Asante. Nina kiu. Waino acha ubishi. Rikka nakupenda.

"Mama, zinakuja! Zinakuja mama!"

Mama akafumba na kufumbua macho haraka haraka. Hiyo kwake ilikuwa kucheka.

Lakini zilikuja haraka mno.

Nikafungua ya kwanza. Kimya. Ya pili, kimya. Nikaangalia uzito wa faili.

Sifuri. Sifuri. Sifuri. Zote! Majina matupu, ndani hakuna kitu!

Nikapiga simu.

"Sunniva, faili ni tupu!"

"Eeh? Basi labda nilizifuta kitambo, nikasahau."

"Umetengeneza majina ya uongo!"

"Rikka, na wewe umeandika uongo. Tumelipana."

Akacheka. Kile kile kicheko cha mezani. Halafu akakata.

Mama akaanza kutunga maneno kwenye kishikwambi kwa macho, herufi baada ya herufi. Nilishakisafisha mchuzi, nikamwekea sauti ya kiwandani, ile kavu ya kutangaza treni.

"Sauti zilizobaki ni za nani?"

"Za Sunniva, mama."

"Nyingi?"

"Nyingi sana."

"Uliandika kwenye kundi kwamba mashine zinaiga sauti ya mtu yeyote."

"Ni yeye alinilazimisha niseme."

"Basi iwe kweli. Nitengenezee yake."

"Mama, hapana!"

"Rikka. Mimi ndiye bubu hapa. Siyo wewe."

Mama yangu aliendesha basi la shule maisha yake yote. Akikuangalia kwenye kioo cha juu, unakaa. Nikakaa. Nikazichukua zile meseji zote, mahaba na matusi yake, nikailisha mashine ya kuiga sauti, ikajifunza kuongea kama yeye.

Siku ya kwanza alipoitumia, nilitoka nje nikasimama kwenye theluji. Mama yangu anaomba maji kwa sauti ya hawara wa mume wangu!

Yeye wala. Yeye alikuwa ana kazi.

Maneno akayatunga kabla, halafu akaniambia nipige namba ya Royce, yangu isionekane, niweke simu karibu.

"Royce mpenzi," mama akasema.

"Sunniva! Mbona namba yako haionekani..."

"Nyamaza nikwambie. Umenichosha. Mwanaume gani hata amri ya mstari mmoja inamshinda? Usinitafute tena. Nina mwingine."

Kata!

Nawaambia, Royce alikwenda kumvunjia Sunniva kioo cha mlango. Yule analia "siyo mimi, ni mashine!", huyu anamwambia "kila siku kwako ni mashine!" Wakaachana kwa matusi barabarani, majirani wanachungulia. Nilimsimulia mama, akafumba na kufumbua macho hadi nikaogopa atazimia.

Hakuishia hapo. Alimpigia mchungaji. Akawapigia kina mama wanaopika kanisani, mmoja mmoja, akaungama dhambi zote za Sunniva kwa sauti ya Sunniva, kwa unyenyekevu wa hali ya juu, hadi wengine wakalia. Na Sunniva akikataa, watu wanamuuliza, sasa ni mashine au ni wewe? Maana mwanzo tuliambiwa ni mashine, tukaamini, na leo umeungama mwenyewe...

Nilimwambia, "Mama, inatosha."

"Alisema nife. Bado sijafa."

Ndipo siku moja mlango ukagongwa. Sunniva. Amekonda, nywele hazijachanwa, mfuko wake begani.

Akaingia hadi miguuni pa kiti cha mama, akapiga magoti.

"Mama Elvi, nakuomba. Siwezi hata kupokea simu. Nikiongea watu wanacheka. Acha kutumia sauti yangu, nakuomba."

Macho ya mama yakaanza kutembea kwenye kishikwambi. Tukasubiri sote wawili, herufi, herufi, herufi.

Na Sunniva akajibiwa kwa sauti yake mwenyewe.

"Nirudishie yangu, nikurudishie yako."

"Sina, mama. Naapa kwa Mungu sina! Nilifuta!"

"Basi twende hivi hivi."

Sunniva akainuka, akaukumbatia mfuko wake, akatoka.

Mama hakuishi sana baada ya hapo. Barafu ilipoanza kupasuka ziwani, kifua chake kikagoma. Siku ya mwisho nilikuwa nimemshika mkono, jua linaingia dirishani, na akaniashiria nimsogezee kishikwambi. Alichoka. Kila herufi ilikuwa safari.

Mimi nilishajua anataka kusema nini. Na nilikuwa naomba kimoyomoyo asiseme, Mungu anisamehe, asiseme kwa sauti ile.

"Rikka, nakupenda."

Kwa sauti ya Sunniva.

Ile ile iliyosema "si afe tu tupumzike". Na hilo ndilo lilikuwa neno la mwisho la mama yangu kwangu.

Tukamzika. Ndugu wamekula, wameondoka, naosha vyombo, simu ikalia. Meseji ya Sunniva. Anwani ya mashine na ufunguo wa siri.

"Zichukue. Sasa futa yangu."

Mikono ina sabuni, nikafungua laptop. Nikaandika amri herufi moja moja. Enter.

Majina yakaanza kushuka. Asante. Nina kiu. Waino acha ubishi.

Polepole.

Zilikuwa zinashuka POLEPOLE, jamani! Faili tupu hazishuki polepole. Zilikuwa na uzito!

Nikafungua moja.

"Waino, acha ubishi." Mama yangu! Na kikohozi chake mwishoni!

Nikakaa chini kwenye sakafu ya jiko.

Nikaangalia tarehe za faili, zilikuwa za siku zile zile Sunniva alipozisafisha. Rsync ukiiagiza inahamisha faili na tarehe zake. Hazikufukuliwa popote, hazikuwahi kufutwa hata siku moja. Zilikuwepo siku niliyolia mlangoni kwake. Zilikuwepo siku alipopiga magoti akaapa kwa Mungu. Labda diski yenyewe ilikuwa kwenye ule mfuko aliokuwa ameukumbatia. Angezitoa, mama angeniaga kwa sauti yake. Aliona bora yeye abaki bila sauti kuliko mama yangu aipate yake.

Simu ikalia tena.

"Umeshafuta?"

Sasa sikieni, nyie mnaosoma huku mnasema "mimi picha zangu ziko salama, zinajihifadhi zenyewe". Nakala inayoiga nakala nyingine siyo nakala. Siku moja ikifutwa, zote zinafuata. Weka moja isiyomsikiliza mtu, ichomoe, ifungie kabatini. Na aliyekwambia "nimeziweka sehemu tatu", mwambie akuonyeshe.

Mimi nimejifunza. Sauti ya Sunniva nimeiweka sehemu tatu, na hakuna hata moja inayoiga nyingine.

Ameomba, amelia, ametuma hadi mchungaji. Anadhani namkomoa.

Mwanzoni nilikuwa namkomoa kweli. Lakini juzi niliweka kidole juu ya amri ya kufuta, nikashindwa. Ndiyo sauti aliyoniaga nayo mama yangu.